Somo la Tanga: Mchezo Hufundisha, Mwalimu Huongoza

Mzee akimwona mtoto ameinamia kishikwambi, vidole vyakimbia juu ya kioo na macho hayabanduki, husema mara moja: "Huyu anapoteza wakati." Aghalabu mzee huyo husema kweli. Lakini si mara zote. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017 hadi mwanzoni mwa mwaka 2019, katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga, watoto karibu 3,000 walipewa vishikwambi vyenye michezo ya kufundishia. Zaidi ya 90 katika kila 100 kati yao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma ilipungua kwa nusu.

Twalikumbusha jambo hili kwa sababu mazungumzo juu ya michezo ya kidijitali na vyombo vya mtandao darasani yamegawanyika pande mbili. Wako wasemao kwamba mashine zinunuliwe upesi, kila shule ipate zake, na elimu itafuata yenyewe. Nao wako wasemao kwamba mashine ni upuuzi mtupu, zifungiwe nje ya lango la shule, na mtoto arudishiwe ubao na chaki. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimekosea, na ushahidi wa kuonyesha kosa lao hatuhitaji kuutafuta ng'ambo. Uko Pangani, Muheza na Handeni.

Kwanza tuondoe dhana ya kwamba mchezo na elimu ni maadui. Wazee wetu waliokaa barazani na bao lao la mashimo 32 na kete 64 hawakuwa wakijipumbaza. Mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na kabla hajatia hata moja yampasa ahesabu: atakula wapi, kete zitaishia shimo gani, na mwenzake atamjibu kwa njia gani. Hiyo ni hesabu ya kichwa iliyo ngumu kuliko nyingi zilizomo katika vitabu. Tena anayejifunza hafukuzwi barazani kwa sababu amekosea. Hufungwa, huchekwa kidogo, akapanga kete akaanza upya. Mwanafunzi wa namna hiyo hachoki, kwa maana kosa lake halimletei fedheha bali lamfundisha. Watengenezaji wa michezo ya kufundishia hawakuvumbua siri mpya. Wameichukua siri hii ya baraza wakaitia ndani ya mashine.

Sasa tuyatazame ya Tanga kwa makini. Mwaka 2014 shirika la Marekani liitwalo XPRIZE lilitangaza mashindano yenye zawadi za jumla ya dola milioni 15. Sharti lake lilikuwa kutengeneza programu ambayo mtoto aweza kujifundishia mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu katika muda wa miezi 15. Vikundi karibu 200 vikajiandikisha. Vitano vikafika duru ya mwisho, kila kimoja kikapewa dola milioni 1, na programu zao, zikiwa kwa lugha ya Kiswahili, zikaletwa Tanga kujaribiwa. Serikali ya Tanzania ilishirikiana na UNESCO pamoja na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Kampuni ya Google ilitoa vishikwambi, na vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua vikawekwa vijijini. Mwezi Mei mwaka 2019 zawadi kubwa ya dola milioni 10 iligawanywa sawasawa baina ya Kitkit School, kikundi cha Korea ya Kusini na Marekani, na onebillion, kikundi cha Uingereza na Kenya.

Watoto hawa walikuwa wa namna gani? Katika kila 100, watoto 74 walisemekana kuwa hawajapata kuhudhuria shule hata siku moja, na 80 hawajapata kusomewa kitabu nyumbani. Hao ndio watoto ambao wengi wetu tumekwisha kuwakatia tamaa. Yeyote asemaye kwamba mchezo wa kidijitali hauwezi kufundisha chochote hana budi kuwaeleza watoto hao nusu ni nani basi aliyewafundisha.

Tujiulize ni kwa nini iliwezekana. Sababu ya kwanza ni lugha. Mashine ilisema na mtoto kwa Kiswahili. Hakulazimika kwanza kujifunza lugha ya mashine ndipo ajifunze herufi. Sauti aliyoisikia ilikuwa sauti ya maneno anayoyajua: mama, maji, kuku, mbuzi. Sababu ya pili ni jibu la papo hapo. Katika darasa lenye watoto 80 au zaidi, jambo ambalo si la ajabu katika shule zetu nyingi, mwalimu akitoa zoezi asubuhi, madaftari mengine hayasahihishwi hata kesho yake. Mtoto aliyeandika "b" mahali pa "d" amelala na kosa lake, na kosa lililolala huota mizizi. Mchezo humwambia pale pale kwamba amekosea, nao humpa nafasi ya kujaribu tena. Sababu ya tatu ni mwendo. Mwenye kujua husonga mbele, asiyejua hurudia mara kumi bila ya wenzake kumcheka na bila ya mashine kukasirika.

Hayo ndiyo mema, nayo ni makubwa. Lakini hesabu ina upande wa pili, na mtu mwaminifu huusoma pia. Ikiwa idadi ya wasiojua kusoma ilipungua kwa nusu, maana yake ni kwamba nusu walibaki. Walikuwa na kishikwambi, walikuwa na umeme wa jua, walikuwa na michezo iliyoshindaniwa na mabingwa wa dunia, na baada ya miezi 15 bado neno moja lililoandikwa liliwashinda. Watoto hawa ndio wanaotuonyesha mpaka wa mashine. Mashine haioni kwamba mtoto ameinamisha kichwa kwa sababu macho yake hayaoni vizuri. Haijui kwamba jana hakula. Haiwezi kumwita kando na kumwuliza kwa nini siku hizi amekuwa mkimya. Ajuaye hayo ni mwalimu, na mzazi nyumbani.

Jaribio lile lilikusudiwa makusudi kwa watoto wasiokuwa na mwalimu. Halikusudiwi kuwa mfano wa shule. Basi ni kosa kubwa kuchukua matokeo yake na kusema, "Mmeona, mwalimu hana kazi tena." Tafsiri iliyo sawa ni hii: ikiwa mchezo peke yake umefika nusu ya njia, yafaa tuutie mikononi mwa mwalimu ili asaidiwe kuimaliza njia iliyobaki.

Hili si wazo la hewani. Katika mji wa Lilongwe, Malawi, kulifanyika jaribio lililoandikwa mwaka 2015 na mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Nottingham. Watoto 318 wa darasa la kwanza hadi la tatu, wa shule moja ya msingi, waligawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza lilipewa vishikwambi vyenye michezo ya hesabu kwa lugha ya Chichewa. Fungu la pili lilipewa vishikwambi vile vile, lakini visivyo na programu ya hesabu. Fungu la tatu liliendelea kufundishwa kama kawaida. Kazi hiyo ilisimamiwa na walimu wa madarasa wenyewe, kwa muda wa kiasi cha dakika 30 kila siku, majuma manane. Katika darasa la pili na la tatu, waliotumia michezo ya hesabu waliwapita wenzao wa mafungu yote mawili, na watoto wa darasa la tatu walionyesha maendeleo hayo hata walipopewa karatasi na kalamu.

Msomaji alitazame sana lile fungu la pili. Lilikuwa na mashine kama ya fungu la kwanza, kioo kile kile, rangi zile zile, furaha ile ile. Lakini halikwenda sawa na la kwanza katika hesabu, kwa sababu ndani ya mashine yake hamkuwa na somo la hesabu. Basi kifundishacho ni somo lililomo ndani ya chombo, wala si chombo.

Nchi ya Peru ililipa gharama kubwa kulijua hilo. Kuanzia mwaka 2008 serikali ya huko iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo kwa watoto wa shule. Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ikafanya uchunguzi katika shule 319 za vijijini, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2012. Baada ya kiasi cha miezi 15, muda ule ule wa Tanga, kompyuta zilikuwa zimeongezeka mno mikononi mwa watoto: zamani kulikuwa na kompyuta 12 kwa watoto 100, sasa zilikuwa 118. Lakini katika mitihani ya hesabu na lugha haikuonekana tofauti yoyote. Programu zilizotiwa ndani hazikufungamana na masomo ya darasani, na walimu hawakuandaliwa vya kutosha. Miezi 15 Tanga, miezi 15 Peru. Huku watoto walisoma, kule alama hazikusogea. Atakaye kununua mashine na aitafakari tofauti hiyo kabla hajatia sahihi.

Jirani zetu wa Kenya nao walipita njia yao. Ahadi ya kompyuta kwa wanafunzi wa darasa la kwanza ilitolewa katika uchaguzi wa mwaka 2013, na ugawaji wa vifaa ukaanza mwaka 2016. Katikati ya miaka hiyo ilibidi kwanza umeme ufikishwe katika maelfu ya shule za msingi, na walimu wapelekwe mafunzoni. Vifaa zaidi ya milioni moja vilisambazwa. Somo tulionalo hapo ni la taratibu: kishikwambi kinatanguliwa na waya au jua, na jua linatanguliwa na mtu wa kulitunza. Malawi nayo, baada ya majaribio ya miaka mingi, ilianza mwaka 2022 mpango wa kuvieneza vishikwambi katika shule zake za msingi kwa madarasa manne ya mwanzo. Vishikwambi hukaa shuleni, huchajiwa kwa umeme wa jua, na watoto huvitumia kwa zamu chini ya walimu wao.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kuunganisha chombo na mtu. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Chombo cha siku hizo kilikuwa redio. Lakini viongozi wa kampeni ile hawakutegemea redio peke yake. Walitayarisha vitabu vidogo, wakafundisha viongozi wa vikundi kiasi cha 75,000, na watu wapatao milioni mbili wakakusanyika vikundi vikundi kusikiliza, kusoma, kujadiliana, kisha kwenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Redio ilisema, kiongozi wa kikundi akauliza, wananchi wakajibu kwa majembe. Tungaliweka redio tu juu ya mti na kwenda zetu, watu wangalisikia wakasahau. Kishikwambi cha leo ni ndugu mdogo wa redio ile, nacho chahitaji kiongozi wake wa kikundi. Kiongozi huyo ni mwalimu.

Huenda msomaji akauliza: shule isiyokuwa na vishikwambi hata kimoja itafanyaje? Tunajibu kwamba iko kazi inayoweza kufanywa na simu moja tu, ile iliyomo mfukoni mwa mwalimu. Liko zoezi liitwalo Plickers, ambalo kila mtoto hushika kadi ya karatasi yenye alama yake. Mwalimu huuliza swali lenye majibu manne; mtoto huigeuza kadi upande wa jibu lake na kuinyanyua juu; mwalimu hupitisha simu mbele ya darasa, na simu huzisoma kadi zote na kumwonyesha nani amepata na nani amekosa. Watoto hawana kifaa chochote ila karatasi. Wao huona ni mchezo, na mwalimu kwa dakika chache amepata jambo ambalo lingemchukua usiku mzima wa kusahihisha. Kahoot, mchezo wa maswali uliozaliwa Norway na kufunguliwa kwa watu mwaka 2013, wataka zaidi: kioo kikubwa cha kuonyeshea swali, na kifaa cha kujibia kwa kila mtoto au kila kikundi. Na mahali ambapo intaneti haifiki au ni ghali, iko programu ya Kolibri, ambayo masomo hupakiwa mara moja katika kompyuta moja ya shule, kisha yakatumika bila ya mtandao. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo imeviweka vitabu vya kiada mtandaoni, hata mwalimu wa kijijini aweza kukipata kitabu ambacho nakala zake hazijatosha darasani mwake.

Lakini tusiwe watu wa kusifu tu. Michezo ina hatari zake, na hatari ya kwanza ni kwamba mtoto aweza kujifunza kupata alama badala ya kujifunza somo. Mchezo wa maswali ya haraka humpendeza mwepesi na kumwumiza mpole anayefikiri kwa utulivu. Mwalimu mwenye busara huona kwamba majina yale yale matatu yanapanda juu ya orodha kila siku, akabadili utaratibu: leo watajibu kwa vikundi, kesho bila ya saa. Tena mchezo hauwezi kuchukua mahali pa kuandika insha, kusoma kitabu kizima, au kusimama mbele ya wenzako ukajenga hoja. Mashine hupima vizuri jibu lililo moja. Elimu kubwa ni ya mambo ambayo majibu yake si moja.

Hatari ya pili haionekani kwa macho. Programu nyingi zitolewazo bure hulipwa kwa njia nyingine, yaani kwa habari za mtoto mwenyewe: jina lake, mahali alipo, anayopenda. Mwaka 2022 shirika la Human Rights Watch lilichunguza programu zaidi ya 160 za kusomea zilizopendekezwa na serikali za nchi 49 wakati shule zilipofungwa kwa ajili ya UVIKO. Karibu tisa katika kila kumi zilionekana kukusanya au kutoa habari za watoto kwa namna iliyohatarisha haki zao. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na Kenya ilikuwa imetunga yake mwaka 2019. Sheria hizo hazina faida ikiwa mwalimu mkuu hajui kwamba zamhusu. Kabla ya programu kuingia darasani, yafaa iulizwe kama mgeni yeyote agongaye mlango wa shule: wewe ni nani, wataka nini kwa watoto wetu, na nani anakulipa?

Basi ni yapi yatupasayo? Kwa wenye kushika fedha za umma twasema: kwa kila fungu la kununua mashine, liwepo fungu la kumfundisha mwalimu, fungu la matengenezo, na fungu la kutengeneza masomo kwa Kiswahili yanayofuata mtaala wetu. Mashine isiyo na fungu hizo tatu ni pambo la ofisi, nayo itakaa kabatini mpaka betri yake ife. Kwa walimu wakuu na kamati za shule twasema: msipokee zawadi ya vishikwambi kwa ngoma na hotuba kabla ya kuuliza vitachajiwa wapi, vitafungiwa wapi, na nani atavitunza. Kwa walimu twasema: msikiogope chombo hiki, wala msikisujudie. Chagueni somo moja linalowasumbua watoto, jaribuni mchezo mmoja, kisha wapeni karatasi na kalamu mwone kama wameelewa. Kwa wazazi twasema: mtoto akirudi na kusema leo tumecheza shuleni, msikasirike upesi. Mwulizeni amejifunza nini katika kucheza kwake. Akiweza kueleza, mwalimu wake amefanya kazi.

Jambo moja la mwisho lisisahauliwe. Programu za vikundi vile vitano zilizojaribiwa Tanga ziliachwa huria, yaani mtu yeyote ana ruhusa ya kuzichukua, kuzitumia na kuzirekebisha. Zilipimwa kwa watoto wetu, zikasema lugha yetu, zikachajiwa na jua letu. Vijana wetu waliosomea kompyuta katika vyuo vyetu wanaweza kuzifungua, kuondoa lisilofaa na kuongeza linalohitajika. Ingekuwa aibu watoto wa nchi nyingine wavune matunda ya mti uliopandwa Tanga, na sisi wenye shamba tukaendelea kubishana kama mti huo ni mti au si mti.

Na wale watoto nusu waliobaki bila ya kusoma hawangojei mashine nyingine iliyo nzuri zaidi. Wanamngoja mtu wa kuketi karibu nao, akashika kidole chao juu ya herufi, akasema: hii ni "a", tuanze tena.